Fomu Iliyokatiwa Utepe

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu nayo haijawahi kunitaja mimi. Ipo tu, msitie shaka. Ina bendera, ina ndege ya rais na uwanja wa kuiegesha, na ina Wizara ya Fomu na Ustawi wa Foleni. Ndiyo, Ustawi wa Foleni. Nchi nyingine, kwa ujinga wao, huhangaika kuziondoa foleni. Kule wanazilea. Zinapimwa, zinanyooshwa, na kila mwaka foleni iliyotia fora hupewa kikombe, nacho hukabidhiwa yule aliyesimama nyuma kabisa, siku akifika mbele.

Katika wizara hiyo alifanya kazi mama mmoja wa makamo, Siwema Halfani, cheo chake Msimamizi wa Skripti. Skripti, kwa msiojua, ni yale maagizo yaliyofichwa nyuma ya fomu ya mtandaoni, yanayoiambia ifanye nini mtu akishajaza habari zake na kubonyeza TUMA. Siwema alizijua skripti vizuri, lakini kazi yake haikuwa kuzirekebisha, hasha! Kazi yake ilikuwa kuzisimamia, maana yake kuketi karibu nazo na kujibu "ziko salama" kila anapoulizwa.

Na hapa lazima niwaeleze desturi ya kule, msije mkadhani watu wake ni vichaa. Kitu kikishazinduliwa, kimekamilika. Mheshimiwa akishakata utepe, basi tena. Kukirekebisha ni kosa la jinai, kwa sababu ukirekebisha unakuwa umesema kwamba Mheshimiwa alizindua kitu kibovu, na Mheshimiwa hazindui vitu vibovu. Kuna daraja lililokatiwa utepe likiwa limebakiza hatua chache kufika ng'ambo. Limeachwa hivyo hivyo, na wananchi wanamalizia kwa kuruka. Kuna bomba la zahanati lililozinduliwa kabla ya kuunganishwa na maji. Kila asubuhi mhudumu hulifungua, husubiri kidogo kwa heshima, kisha hulifunga, akaenda kisimani.

Basi mwaka ule ikazinduliwa Fomu Kuu ya Taifa. Fomu moja kwa kila jambo: kuoa, kuchimba choo, kulazwa hospitali, kuomba fomu nyingine. Waziri alikuja mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Balozi Kanali Mstaafu Shamrashamra, na msafara uliofunga barabara tangu alfajiri. Kompyuta ilikuwa imeviringishwa utepe mwekundu mpaka kwenye waya. Akakata, akajaza habari za raia wa kubuni aliyetayarishwa na wizara, akabonyeza TUMA, na kioo kikaandika kwa kijani: IMEPOKELEWA. Bendi ikalia. Akina mama wa kamati ya mapokezi wakapiga vigelegele mpaka mmoja akaishiwa pumzi, akapepewa kwa ratiba ya sherehe.

"Kuanzia leo," alinguruma Waziri, "raia hataifuata tena Serikali! Serikali itamfuata raia mpaka kitandani kwake!"

Wananchi wakaangaliana kwa wasiwasi, maana walikuwa wameshawahi kufuatwa.

*

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kompyuta ya Waziri ilitumia kivinjari cha kizamani kiitwacho Kongoni. Kivinjari ni ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na vivinjari, jamani, kila kimoja kina kichwa chake. Simu za wananchi zilitumia kingine, Mbayuwayu. Skripti ilikuwa moja, lakini Kongoni aliisoma tarehe ya kuzaliwa kwa kuanza na siku, kama tusemavyo sote, na Mbayuwayu aliisoma kwa kuanza na mwezi. Ukijaza kwamba ulizaliwa tarehe tano mwezi wa tatu, Mbayuwayu anakuhamishia tarehe tatu mwezi wa tano na anakaa kimya kama si yeye. Ukijaza kwamba ulizaliwa tarehe ishirini na tatu, anautafuta mwezi wa ishirini na tatu, anaukosa, na fomu inakuandikia kwa wekundu: HUJAZALIWA.

Zaidi ya nusu ya nchi ikaamka haijazaliwa.

Mmoja wao alikuwa Bi Mashavu, mama mzazi wa Siwema. Figo zake zilikuwa zimegoma, na kila Jumatatu na Alhamisi alikwenda hospitali ya mkoa kulala kando ya mashine ya kusafisha damu. Mashine zilikuwepo sita, zote zikifanya kazi barabara, kwa sababu zilitolewa na wafadhili na hakuna aliyekumbuka kuzizindua. Lakini sasa ulikuwa umetoka waraka: hakuna mgonjwa kuunganishwa na mashine bila Fomu Kuu, na fomu ijazwe upya kila wiki, ili Serikali ijiridhishe kwamba mgonjwa bado ni raia.

Jumatatu hiyo Nesi Tunu wa wodi ile alijaza fomu kwenye simu yake mara tatu, jasho likimtoka.

"Dada Siwema, inakataa," alisema. "Inasema Mama hajazaliwa."

Bi Mashavu aliinua kichwa. Miguu ilikuwa imemvimba, amevaa kandambili za mjukuu wake wa kiume kwa sababu viatu vyake havikumwingia tena. "Sijazaliwa? Na huyu Siwema nilimzaa nikiwa wapi?"

"Mama, mimi sijui. Mimi naona wekundu tu."

Kwenye benchi la pili alikaa Mzee Makame, fundi cherehani wa zamani, naye mgonjwa wa figo, naye amezaliwa tarehe za mwishomwisho. "Tushukuru, Bi Mashavu," alisema. "Asiyezaliwa hafi."

Benchi zima likacheka, kisha likaacha. Kila aliyekaa pale alijua kwamba mtu wa figo akikosa mashine wiki moja anaanza kukosa pumzi, na wiki mbili ni nyingi. Nesi Tunu aliwaambia warudi nyumbani na wasinywe maji mengi. Siwema alimshika mama yake mkono mpaka nje, na moyoni mwake alikuwa anahesabu, si siku, ila mistari ya ile skripti. Ilihitaji kubadilishwa michache tu.

*

Kesho yake alibisha hodi kwa Mkurugenzi Lusewa. Huyu alikuwa mtu mnene wa sauti laini, aliyepanda cheo kwa kutowahi kusaini kitu chochote.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Bi Siwema. Skripti ziko salama?"

"Haziko salama, Mkurugenzi. Kwenye Mbayuwayu tarehe inasomwa vibaya. Ni jambo dogo, nipe nusu saa nilinyooshe."

Mkurugenzi aliinuka, akafunga mlango, akafunga na pazia. "Unasema Fomu Kuu ina kasoro?"

"Skripti yake, ndiyo."

"Wewe ulikuwepo siku ya uzinduzi?"

"Nilikuwepo."

"Utepe ulikatika au haukukatika?"

"Ulikatika, Mkurugenzi."

"Sasa?" Akaketi, akajifuta uso. "Bi Siwema, wewe ni mtu mzima. Fomu haiwezi kuwa na kasoro. Fomu ikigongana na raia, kasoro iko wapi? Fikiria pole pole."

"Mama yangu anakufa, Mkurugenzi."

"Pole sana. Pole sana, kwa dhati. Ajaze fomu."

Siwema alitoka pale ameuma meno. Angekuwa mtu wa kutukana angetukana, lakini alikuwa mtumishi wa umma, na tusi la mtumishi wa umma lazima lipitie kwa mkuu wake wa idara.

Msidhani Serikali ilikaa mikono mitupu. Kwa upuuzi Serikali ile ina mbio ajabu. Baraza lilikaa Jumanne jioni, na Jumatano asubuhi ikazinduliwa kampeni ya kitaifa, Rekebisha Kuzaliwa Kwako. Ilibainika, alieleza Waziri akiwa amevaa fulana ya kampeni juu ya suti, kwamba idadi kubwa ya wananchi walizaliwa kiholela, tarehe yoyote tu iliyowajia, bila kufikiria maendeleo. Kuanzia sasa mzalendo ni yule aliyezaliwa kati ya tarehe mosi na tarehe kumi na mbili. Wale wengine wafike ofisi za wilaya wakahamishwe. Akina mama wajawazito waliombwa wajitahidi.

Siwema alipanga foleni kama watu wote. Alimchagulia mama yake tarehe tano ya mwezi wa tano, ili hata ukiigeuza isigeuke. Akarudi nyumbani mbio, akajaza, akabonyeza. IMEPOKELEWA. Lo, alimkumbatia Bi Mashavu mpaka bibi wa watu akalalamika kwamba anaminywa.

Alhamisi hospitalini karani wa mapokezi aliisoma fomu, akafungua faili la mgonjwa, akarudi kwenye fomu.

"Huyu wa kwenye fomu amezaliwa tarehe tano," alisema. "Wa kwenye faili, tarehe ishirini na tatu. Ni watu wawili."

"Ni mmoja, kaka yangu. Huyu hapa, mtazame."

"Mimi sitazami watu, dada. Yule wa ishirini na tatu ana figo mbovu, ila hajazaliwa. Huyu wa tarehe tano amezaliwa, ila kwenye rekodi zetu hana ugonjwa wowote." Akampa Bi Mashavu mkono. "Hongera, Mama, una afya njema."

Kulirekebisha faili kunawezekana, alisema karani, lakini inahitajika Fomu Kuu, na ijazwe na yule wa tarehe ishirini na tatu.

Mmenifuata hapo? Basi mmenishinda mimi. Siwema mwenyewe alisimama pale akiitazama midomo ya karani ikicheza na asisikie tena neno hata moja. Kilichomwamsha ni mama yake, aliyekuwa ameanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi, naye amekaa.

Ikabaki njia moja, ile kompyuta ya Waziri yenye Kongoni ndani yake, ambako fomu haikuwahi kumkataa mtu. Siwema akapiga simu wizarani. Akajibiwa kwamba kompyuta haipo, iko ziarani. Kwa kuwa fomu ilifanya kazi kwenye kompyuta ile tu, Serikali ilikuwa imeamua kuitembeza mikoani kwa gari la wazi, na pikipiki za polisi mbele. Kila ilipofika, watoto wa shule waliimba, mkuu wa mkoa alihutubia, mzee maarufu aliivisha shada. Hotuba zikiisha, betri nayo imeisha. Wananchi waliipungia mikono, na kompyuta ikaondoka kwenda mkoa mwingine.

*

Ijumaa, ilipofika saa ya chai, Siwema alifanya kosa la jinai.

Chai ya wizara ile inaanza saa nne na inakutana na chakula cha mchana njiani, kwa hiyo korido zilikuwa tupu. Aliifungua skripti. Lile sanduku moja la tarehe akalivunja yakawa matatu, siku peke yake, mwezi peke yake, mwaka peke yake, ili pasiwe na kivinjari cha kubahatisha. Akaongeza agizo la kukagua kama tarehe hiyo ipo kwenye kalenda. Yale maneno ya wekundu hakuyagusa, kwa sababu yalikuwa yamepitishwa na Baraza. Kisha akajaribu kwa Mbayuwayu, akajaribu kwa Tausi, kile kivinjari cha watu wenye simu za bei mbaya. Kijani, kijani.

Akamjaza mama yake kwa tarehe yake halali, ile aliyopewa na aliyemzaa. IMEPOKELEWA. Akainamisha kichwa juu ya meza akalia kidogo, akajifuta, akaenda kunywa chai na wenzake.

Kabla jua halijazama Bi Mashavu alikuwa kwenye mashine, na Mzee Makame kitanda cha pili, na wengine wanne kwenye nne zilizobaki. Bi Mashavu hakuweza kuuzuia mdomo wake.

"Mnajua nani kafanya? Huyu hapa. Wa tumbo langu hili."

"Mama, nyamaza," Siwema alinong'ona. "Nitafungwa."

"Wakufunge kwa lipi? Kwa kuwaponya watu?"

Mzee Makame alinyoosha ule mkono usio na mrija, akaushika wa Siwema. "Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimeshamwambia mke wangu ni wapi nataka kuzikwa. Sasa itabidi nimwambie avumilie upuuzi wangu." Akacheka mpaka Nesi Tunu akamkanya kwamba mashine inapiga kelele.

Jumatatu iliyofuata, na Alhamisi yake, wote sita wakaja tena, na mashine zote sita zikaunguruma. Nchi nzima watu walibonyeza na kupokelewa. Wa kuoa wakaoa, wa kuchimba wakachimba. Wizarani, hata hivyo, palikuwa na msiba.

"Foleni imekauka!" Mkurugenzi Lusewa aliingia mkutanoni bila koti. "Ofisi ya wilaya ya kaskazini, mtu mmoja, naye alikuwa anauliza njia! Ustawi wa Foleni tutaustawisha na nini? Kuna mkono wa adui hapa. Watu wanafanikiwa bila taarifa!"

Kila mtu alitazama meza. Siwema alitazama meza kuliko wote.

*

Waziri Shamrashamra, yeye, hakuona msiba wowote. Alisikia wananchi wanaisifu fomu, na sifa haikumpita kando tangu azaliwe. Jumamosi akaita kamera zote za taifa. Alitangaza kwamba ule upinzani wa vivinjari vya kigeni ameuzima kwa macho yake makali, na kwamba sasa, mbele ya taifa, atajaza Fomu Kuu kwa habari zake mwenyewe, kwenye simu ya kawaida ya mwananchi wa kawaida. Ikaazimwa kwa mlinzi wake.

Nyinyi hamjui, ila kule kila mtoto anajua, kwamba Mheshimiwa Shamrashamra alizaliwa tarehe thelathini na moja Juni. Alijichagulia mwenyewe alipoingia kwenye siasa, kwa sababu tarehe nyingine zote zilikuwa zimeshatumiwa na watu wa kawaida. Ni sikukuu ya taifa. Kwa kuwa huwa haifiki, husherehekewa kesho yake. Ile fomu ya zamani, ndani ya Kongoni, ingelimeza jambo hili bila neno. Ingeisogeza Juni thelathini na moja ikawa Julai mosi na kutabasamu. Skripti mpya haikuwa na adabu hiyo. Iliitafuta tarehe kwenye kalenda.

Waziri akabonyeza TUMA, akaigeuzia simu kamera huku akicheka. Nchi nzima ikasoma kwa wekundu: HUJAZALIWA.

Wanasema katika vilabu vya pombe mabati yalitaka kung'oka kwa vicheko. Matangazo yakakatwa, ukawekwa wimbo wa taifa, wote, na beti zake zote.

Bunge lilikutana kwa dharura jioni ile ile na kuongeza siku moja katika mwezi wa Juni. Wakajaribu tena. Mbayuwayu hakuwa msomaji wa gazeti la Serikali, na hakubadili msimamo. Ndipo wakauliza ni nani hasa aliyeishika fomu, na haikuwa kazi kumpata. Nchi nzima ya kule ni mtu mmoja tu angeweza kukifanya kitu kifanye kazi.

Jumapili asubuhi Siwema alisimama mbele ya Waziri. Mkurugenzi Lusewa alikuwa kando, anatetemeka kwa niaba ya idara.

"Wewe ndiye uliyesema sijazaliwa?" Waziri aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyotisha.

"Mheshimiwa, naweza kuongeza mstari mmoja," Siwema alisema haraka haraka. Alikuwa ameufikiria usiku mzima. "Mstari mmoja tu, kwa ajili yako. Tarehe yako ipite bila kukaguliwa. Wengine wabaki kama walivyo sasa, Mheshimiwa, wote wanapita, hata hospitali—"

"Mstari wangu peke yangu? Nipitie mlango wa uani kwenye fomu niliyoizindua mimi?"

"Hakuna atakayeuona."

"Mimi nitajua upo." Akaegemea kiti. "Utairudisha kama nilivyoikata utepe. Hapa hapa, mbele yangu."

Siwema hakusogea. Mkurugenzi akakohoa, akamnong'oneza Waziri sikioni, na Waziri akabadilika sura, akawa baba wa watu.

"Naambiwa mama anaumwa figo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mbona hukusema? Sisi si wanyama." Akavuta karatasi, akaandika, akagonga muhuri. "Kibali maalumu. Mashavu nani? Halfani ni baba yako? Basi, Bi Mashavu. Hana haja ya fomu tena, maisha yake yote. Mashine apewe, hata usiku." Akaiweka karatasi upande wake wa meza, akaikalisha kiganja juu yake. Kompyuta yake, iliyorudishwa usiku ule kutoka ziarani, akaisogeza upande wa Siwema.

Siwema aliitazama karatasi, akatazama kompyuta. Aliona kitanda cha pili, na cha tatu, na vyote. Aliona pia mama yake Alhamisi ile ya karani, anahema amekaa. Alijiambia kwamba akikataa wataizima fomu nzima, na hapo hatapona yeyote. Huenda ilikuwa kweli. Alijiambia vitu vingi kwa muda mfupi sana, kama wanavyojiambia watu wazuri wote wa nchi ile, ndiyo maana iko kama ilivyo. Kisha akaivuta kompyuta akairudisha skripti ya zamani.

"Jaribu," aliamuru Waziri.

Wakajaribu kwa Kongoni. Juni thelathini na moja. IMEPOKELEWA. Mkurugenzi Lusewa akapiga makofi peke yake ofisini, na kwa kuwa utepe ulikuwepo kabatini, wakaukata tena.

*

Jumatatu Bi Mashavu alifika hospitali akiwa amevaa kanga mpya, na viatu vyake mwenyewe. Askari wa mlangoni alisoma kibali, akapiga saluti, akamwingiza. Kwenye benchi la nje walikaa wale watano, miguu imeanza kuvimba, simu mikononi, wanajaza na kujaza. Bi Mashavu alidhani wanasubiri zamu. Aliwaambia, "Haya, tukutane ndani."

Siwema alichelewa. Alikuwa amepewa cheti cha utumishi uliotukuka asubuhi hiyo, na picha zilichukua muda. Mpiga picha wa gazeti la Serikali alikuwa pia ameshapita wodini, akapiga picha ya chumba kitupu kilivyo safi, na kichwa cha habari alikuwa nacho tangu nyumbani: FOLENI YA WAGONJWA WA FIGO YAISHA. Siwema aliingia kupitia mlango wa uani, upande wa jikoni.

Mashine tano zilikuwa zimefunikwa mashuka. Moja ilikuwa inaunguruma, na mama yake kando yake, macho yako darini. Nesi Tunu alikuwa anakunja bandeji ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Hakumsalimu.

"Mama, unajisikiaje?"

Bi Mashavu aliteremsha macho kutoka darini. Alikuwa amekuwa na saa nzima ya kuyatazama mashuka yale.

"Nimemwuliza Tunu wenzangu wako wapi," alisema. "Ameniambia nikuulize wewe."

Siwema alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, mengi, aliyapanga njia nzima: kwamba wangeizima yote, kwamba hakuwa na la kufanya, kwamba ni kwa ajili yake. Alimwona mama yake anamtazama, akayaacha.

"Usiniambie," alisema Bi Mashavu. "Nikishaambiwa nitatakiwa kuung'oa huu mrija, na mimi naogopa kufa, mwanangu. Naogopa sana." Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni, na mkono wa upande ule ulikuwa umefungwa kwenye mashine. Siwema akainama kumfuta. Bi Mashavu akageuza uso.

Wakakaa hivyo mpaka mashine ilipolia kwamba damu imesafika. Nesi Tunu akaja kuchomoa mrija. Siwema akachukua mkoba wa mama yake, akaelekea mlango mkubwa kwenda kumtafutia usafiri.

"Siwema."

"Abee, Mama."

"Usitokee huko. Rudi jikoni ulikopitia." Bi Mashavu alikuwa anatafuta kiatu chake kwa mguu, chini ya kitanda, bila kumtazama. "Makame yuko hapo nje kwenye benchi. Anadhani fomu imeharibika yenyewe. Tangu asubuhi anawaambia wenzake wasihofu, kwamba wewe ukifika tu utaitengeneza."